Maumivu ya Mhehe

Simu iliita Gaudensi Kihwele akiwa ameinama kwenye mwanzi, kisu mkononi, na kabla hajasema hata kamwene ya kusalimia, Redempta Mbano alikuwa ameshaanza kumtukana.

"Kaa chini, mtumwa wangu. Hapo hapo ulipo, hata kama ni kwenye siafu."

Gaudensi alikaa. Siafu hawakuwapo, ila majani yalikuwa yamelowa mvua ya usiku na suruali yake ikalowa papo hapo. Kifuani hakusikia kitu. Moyo wake ulikuwa unadai damu na haupati, lakini habari hizo zilikuwa zimempita yeye zikateremka kilima chote hadi barabarani, kwenye kilabu cha Redempta cha kuuzia ulanzi, ile pombe ya mwanzi, na huko ndiko zilikokuwa zikiuma. Akatoa kichupa mfukoni, akajipulizia dawa chini ya ulimi, akangoja.

Akauliza kama maumivu yameachia. Redempta akajibu kwamba bado, tena leo yamempanda mpaka kwenye taya, na kwamba Mhehe hata moyo wake hauna adabu, unaingia nyumba ya watu bila hodi. Gaudensi akangoja tena. Dawa ilianza kumgonga kichwa kama ilivyozoea. Msimu huu kichwa kilikuwa kinamuuma karibu kila siku, kwa sababu kila siku Redempta alikuwa akimkalisha, tena si mlimani tu. Alishakalishwa akiteremka. Alishakalishwa akinywa uji.

"Yameachia," Redempta akasema hatimaye. "Inuka, ukageme taratibu. Na ulanzi wa jana ulikuwa na maji. Nani alikusifia kwamba unajua kugema?"

Akakata simu. Gaudensi alicheka peke yake, kisha kicheko kikamwisha. Alikuwa anaamini moyo wake unazidi kuharibika, na alikuwa anaogopa.

*

Ugonjwa wenyewe ni rahisi kuueleza. Mishipa inayoulisha moyo imesinyaa. Mtu akiwa ametulia, damu inayopita inatosha. Akipanda mlima, akipigwa na baridi, akikasirika au akishiba kupita kiasi, moyo unataka zaidi, haupati, na kifua kinabana. Akikaa chini, unaachia. Madaktari wanauita anjina, na mtu anaweza kuishi nao mpaka akawaona wajukuu wakioa, mradi asikilize anapoambiwa kaa.

Binadamu hasikilizi, na hapo ndipo mafundi walipoingia. Kwanza walitengeneza punje, kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, inayopandikizwa karibu na mshipa wa fahamu na kuyazima maumivu kabisa. Wazee wakarudi kupanda milima wakiimba, na baadhi yao wakafa wakiimba. Baada ya hapo zikaja saa za kengele. Watu wakazizima wakaendelea kulima. Ndipo Bunge likapitisha kanuni ya maneno machache: maumivu hayaruhusiwi kukosa mwenyewe. Punje inaweza kuyatoa kwa mgonjwa, lakini lazima yampate mtu mwingine mzima, aliyekubali, anayevaa bangili juu ya kiwiko na anayejua kupiga simu. Saa unaweza kuizima, lakini mtu anayeumia kwa ajili yako ukimpuuza atakufuata mpaka kwako.

Mtu huyo kwenye kanuni anaitwa mpokezi wa ishara. Mitaani anaitwa mchukuzi. Ndugu na wanandoa walikatazwa kazi hiyo mapema, kwa kuwa wake waliwafungia waume zao ndani, na mmoja alisikia mumewe anabanwa akaendelea kusuka ukili mpaka kikaachia chenyewe, au tuseme mpaka mume alipoachia. Kumbukumbu za maumivu nazo zilikatazwa, baada ya kampuni za bima kuanza kuzisoma. Kinachopita kwenye bangili kinapita, hakiandikwi popote.

Mikoa mingine ilihangaika kutafuta wachukuzi. Iringa haikuhangaika, ina Wangoni. Babu zao walipigana na Wahehe mpaka pande zote zikachoka, wakaishia kuwa watani, na mtani ndiye anayekuchimbia kaburi, anayevaa koti la marehemu msibani na kutembea kama yeye mpaka wafiwa wacheke. Mtu anayeweza kukubebea jeneza, kifua kitamshinda nini? Redempta alizaliwa hapo hapo kijijini Lugongo, baba yake akiwa mwalimu kutoka Songea, na alipoombwa hakufikiri mara mbili. Alisema amekuwa akiwabeba Wahehe maisha yake yote, sasa angalau atapewa bangili.

Tangu siku hiyo kila kilichomuuma alisema ni cha Gaudensi. Akijikwaa, Mhehe. Akiumwa kichwa, Mhehe. Wateja kilabuni walikuwa wakimuuliza, "Mhehe ameamkaje?" naye anawaonyesha mahali panapouma.

*

Siku ya Jumanne radi ilipiga mnara wa mawasiliano wa kata. Gaudensi hakujua. Alipanda na mbeta zake za kukingia ulanzi begani kama kawaida, maana mwanzi haujui radi: chipukizi lisipokatwa ncha asubuhi na jioni, kidonda chake hukauka na ulanzi wake ndiyo basi mpaka mwaka mwingine.

Alikuwa amefika kwenye mwinuko mkali wa kwanza kitu kilipomkalia kifuani. Hakikuchoma, kilikaa tu, kama gunia la viazi lililoshushwa pale na mtu aliyeondoka. Kilianzia kwenye chembe cha moyo kikapanda kooni, na mkono wa kushoto ukawa mzito. Gaudensi alikaa bila kuambiwa na mtu. Alitazama simu, akaona haina mtandao, na hapo akakumbuka walichoelezwa siku ya mafunzo: mtandao ukikatika, maumivu hurudi kwa mwenyewe. Redempta naye alikuwapo siku hiyo, ila alisinzia, na alikiri kwamba alisinzia.

Alipuliza dawa. Kikaachia upesi kuliko alivyotarajia. Akagema mianzi ya karibu kwa mwendo wa kinyonga, akakaa alipohisi kinataka kurudi, akateremka, na njiani akaambiwa radi imeupiga mnara alfajiri.

Redempta alikuwa ameketi nje ya kilabu, kiganja kwenye taya, na hasira zote za Wangoni usoni.

"Ulikuwa wapi? Tangu asubuhi nakupigia hupatikani. Umenibana, umeniachia, umenibana tena mpaka mgongoni. Unapanda mlima au unapigana na chui?"

Gaudensi alifungua kinywa amwambie habari ya mnara. Akakifunga. Bangili ilikuwa mkononi mwake Redempta, na tangu alfajiri bangili hiyo ilikuwa pambo tu. Hakuna kilichoweza kutoka kwake yeye na kumfikia. Aliyoyasikia yeye mlimani alikuwa ameyasikia yote, hayakupungua. Basi haya ya kwenye taya na mgongoni ni ya nani?

Lililomjia kwanza ni furaha, na tusimfichie. Moyo wake haukuwa umezidi kuharibika. Miezi yote ile aliyokalishwa akinywa uji, kichwa kikimgonga kwa dawa, moyo wake ulikuwa pale pale ulipokuwa mwaka jana. Furaha hiyo ilidumu kwa muda wa kushusha mbeta begani. Kisha akamtazama Redempta akisugua taya, akaogopa.

"Pengine ni jino," akasema.

"Jino lako," Redempta akajibu, na wateja wakacheka.

*

Kanuni ilikuwa wazi. Mchukuzi akiugua, bangili inavuliwa siku hiyo hiyo, na mgonjwa anabaki na maumivu yake mpaka apatikane mwingine. Wangoni wazima wa Lugongo walikuwa wameshachukuliwa na wagonjwa wengine. Msimu wa ulanzi ulikuwa ndiyo kwanza umechanganya. Bila mchukuzi, Gaudensi angeweza kugema mianzi ya chini tu, na ile ya juu, aliyoipanda na marehemu mkewe, ingekauka. Kilabu cha Redempta nacho kingekosa ulanzi. Hilo la mwisho alijikumbusha mara nyingi, kwa sababu lilimfanya aonekane anamfikiria Redempta.

Kwa hiyo alisema atangoja. Labda ni jino kweli. Labda ni baridi. Kuna wanawake wanabanwa mgongo kwa kuinua ndoo, na Redempta alikuwa akiinua ndoo tangu asubuhi mpaka jioni. Mnara ulikuwa umetengenezwa, bangili ilikuwa inafanya kazi, na alipoambiwa kaa alikaa, ingawa sasa hakujua anakaa kwa ajili ya moyo wake au wa mwenzake.

Siku ya Alhamisi dawa yake ilikwisha akaenda zahanati. Daktari Twilumba Mdegela, dada mmoja mwenye sauti ndogo aliyekuwa na kawaida ya kumwandikia mtu dawa huku anamtazama machoni, alimuuliza mbona safari hii ameimaliza haraka. Gaudensi akasema kilima kimekuwa kirefu. Daktari akauliza kama kuna siku kifua kimembana akiwa amekaa, bila kazi yoyote, kwa sababu hilo ni jambo jingine kabisa na halingoji. Gaudensi akasema hapana, na hapo alisema kweli.

"Na mchukuzi wako hajambo?"

"Mzima," akasema.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kitu kuhusu mtu anayeficha maradhi ya mwenzake. Gaudensi alitoka zahanati na kichupa kipya mfukoni, akajiambia atasema Jumatatu. Alijichukia njia nzima. Jioni alipanda kugema.

*

Jumapili baada ya misa alikuwa ameketi uani kwake akipukuchua maharage. Alikuwa amekaa pale tangu amalize kula, na chakula chenyewe kilikuwa kidogo. Simu ikaita.

Redempta hakumtukana. Alisema tu ashuke mlimani, na alisema kwa vipande, akivuta pumzi katikati. Gaudensi akamwambia hayuko mlimani, amekaa, ana maharage mapajani. Redempta akasema basi akae zaidi.

Gaudensi akasimama maharage yakamwagika. Maneno ya daktari yakamrudia: amekaa, bila kazi yoyote. Ni jambo jingine kabisa na halingoji. Akampigia Daktari Twilumba akaeleza kwa maneno machache, na kwa mara ya kwanza alilisema kwa sauti: si maumivu yangu, ni yake. Daktari hakuuliza lingine. Alisema gari la wagonjwa linatoka sasa hivi, Redempta asitembee, asinywe pombe, na bangili ivuliwe mara moja, maana moyo wake hauwezi kuvumilia maumivu ya watu wawili.

Akampigia Redempta, akamwambia avue bangili.

"Nivue?" Redempta akasema. "Ikurudie ufie njiani, waseme Mngoni ameshindwa? Sivui."

Gaudensi akaanza kuteremka mbio. Hakuwa amefika kwenye mfereji alipotambua anachofanya. Yeye mwenyewe alikuwa mwepesi, hakusikia kitu, angeweza kukimbia mpaka Iringa mjini. Lakini kila hatua aliyokimbia ilikuwa inamwangukia yule mama kilabuni, juu ya yale aliyokuwa nayo. Akasimama. Akavuta pumzi mpaka moyo ukatulia. Kisha akaenda kwa mwendo wa bibi harusi, hata mbuzi wakimpita, huku roho ikitaka kumtoka kwa haraka. Jirani mmoja alimsalimia na kumuuliza anaringia nini. Hakuna safari aliyoichukia maishani kama ile.

Kilabu kilikuwa kimejaa watu wa Jumapili. Redempta alikuwa kwenye kigoda chake, jasho likimtiririka usoni wakati wenzake wamejifunika makoti. Aliinua kiganja kumzuia.

"Sivui. Nimesema."

Kuna desturi moja ambayo Gaudensi hakuwahi kuitumia kwa Redempta, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifanyiwa: mtani akiingia kwako akashika kitu chako, kuku, jembe, hata kofia kichwani, ni chake, na ukikasirika utachekwa na kijiji kizima. Gaudensi alisogea, akaishika bangili juu ya kiwiko, akaichomoa.

"Nimeipenda," akasema. "Naondoka nayo."

Watu wakapiga makofi. Mwaka mzima walikuwa wakingoja Mhehe ajibu mapigo. Redempta naye akacheka, akatikisa kichwa kama anayekubali kufungwa goli. Wakati huo huo kifua cha Gaudensi kikapokea chake, uchovu wote wa kuteremka, na ikabidi akae chini kwenye mkeka kando ya kigoda. Alipuliza dawa. Pale chini aliinua macho, akaona kicheko cha Redempta kimesimama nusu.

Redempta alitazama mkono wake mtupu. Akajigusa kifuani, kisha kwenye taya, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau.

"Gaudensi," akasema. Hakuwa na desturi ya kumwita jina. "Mbona bado?"

"Ni chako, mtani."

"Mbona bado kinabana?"

"Ni chako," Gaudensi akasema tena. "Tulia hivyo hivyo. Gari linakuja."

Makofi yalikuwa yamekwisha. Mtu mmoja alitoa vikombe njiani, mwingine akaenda barabarani kusimama ili gari lisipite. Redempta aliegemea ukuta, akafumba macho, na Gaudensi akashika kisigino chake kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu naye, asikiachie mpaka walipokuja kumbeba.

*

Katika hospitali ya mjini walimzibua mshipa mmoja na kumwekea kirija cha kuushikilia. Daktari wa huko alisema ulikuwa umebaki uwazi wa kupitisha uzi. Alisema pia kwamba wanawake wengi hubanwa hivyo, taya, mgongo, uchovu usio na sababu, na wengi huambiwa ni meno. Kwa kadiri alivyoona, Redempta alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe tangu mvua za kwanza, pengine kabla.

Gaudensi aliruhusiwa kumwona siku ya tatu. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalianza na utani. Aliingia akiwa ameshika kofia, akakuta Redempta ameketi kitandani, amesuka nywele, shuka limenyooshwa mpaka kiunoni.

"Karibu, Bwana Kihwele," Redempta akasema. "Kaa kwenye kiti."

Gaudensi alidhani hakusikia vizuri. Akakaa.

Redempta alimuuliza swali moja tu: siku ile ya radi, alipomwambia pengine ni jino, alikuwa anajua? Gaudensi angeweza kusema alishuku. Alisema ndiyo, alijua, na alikwenda zahanati Alhamisi akasema mchukuzi wake mzima, kwa sababu ya mianzi. Alisema anaona aibu.

Redempta alisikiliza mpaka mwisho. Hakumwita mtumwa, hakumwita mbwa, hakumwambia kwamba Mhehe akipewa mkono huchukua na bega. Nje ya dirisha mfagizi alikuwa akifagia changarawe. Redempta akaanza kuongea, kwa upole, kama muuguzi anayekabidhi zamu.

"Yako nayajua kuliko wewe. Huanzia hapa kwenye chembe cha moyo, hupanda kooni, mkono wa kushoto huwa mzito mwishoni. Ukiona mkono, umeshachelewa. Baridi ya asubuhi ndiyo mbaya zaidi, funika kifua na pua kabla hujafungua mlango. Ukishiba usipande. Ukikasirika usipande. Kinapoanza hakiumi, unasikia tu kama umesahau kuvuta pumzi. Hapo hapo kaa, usingoje kumalizia mwanzi. Ukikaa ukapuliza, kikakataa kuachia, mwite daktari. Usimwite mtu mwingine."

Gaudensi aliuliza kama kuna kitu anataka aletewe kutoka nyumbani.

"Nashukuru, Bwana Kihwele. Watoto wa dada yangu wataniletea. Wasalimie jirani zako."

Alisimama, akatafuta kofia yake, akaiona iko mkononi. Mlangoni aligeuka, akingoja angalau tusi moja la kuondokea. Redempta alikuwa amenyoosha shuka na kutazama dirishani.

Kutoka wodini hadi getini kuna ngazi za kupanda, na upepo wa Iringa ulikuwa umeanza. Katikati ya ngazi alihisi kama amesahau kuvuta pumzi. Alisita, akipima zilizobaki, zilikuwa chache. Kisha akakaa chini pale pale, watu wakimpita kulia na kushoto, akatoa kichupa, akangoja kiachie.